Gia Tatu za Mjomba: Jumamosi Moja na Fowili Nje ya Ujiji

Hapa chuoni ukisema umepangiwa BTP Kigoma, watu wanakupa pole kama umefiwa. "Mwisho wa reli, dada!" Ni kweli, ni mwisho wa reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Dar es Salaam mpaka pale ni zaidi ya kilomita 1,200. Mimi nilienda mwaka jana mwezi wa saba, nikiwa na begi moja, daftari la maandalio ya masomo, na hela ya mafunzo ambayo nilishaanza kuihesabu kabla treni haijafika Dodoma. Masomo yangu ni Jiografia na Kiswahili.

Sikuandika makala hii kuipigia Kigoma debe, ingawa ningeweza. Nataka kueleza jinsi safari fupi na rahisi ya gari la fowili, ya Jumamosi moja tu, ilivyonielewesha mada ambayo nilikuwa nimeifaulu kwenye mtihani wa chuo bila kuielewa. Humo humo nitaeleza fowili yenyewe inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunalitaja tu hilo neno tukiona gari refu.

Swali la Ijumaa

Nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu mada ya udongo. Wote mliosoma Jiografia mnakumbuka: mambo matano yanayotengeneza udongo ni hali ya hewa, viumbe hai, umbo la ardhi, mwamba mama na muda. Niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, nikauliza, wakajibu kwa pamoja kama kwaya. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Dakika tano kabla ya kengele, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Somo tunafundisha kwa Kiingereza, lakini yeye aliuliza kwa Kiswahili, tena kwa sauti ndogo: "Madamu, bibi ana mashamba mawili, moja juu na moja chini, kilima ni kile kile na mvua ni ile ile. La juu lina udongo mwekundu na muhogo unatoka vizuri. La chini ni jeusi, muhogo unaoza. Kwa nini?"

Nilijua jibu lina jina. Linaitwa katena. Tulilisoma mwaka wa kwanza, nikalidesa usiku mzima na kulijibu kwenye UE. Nakumbuka hata kwamba neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake mnyororo, na kwamba lilianzia kwetu hapa hapa. Katikati ya miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki, ndiye aliyelipendekeza ili kueleza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kileleni mwa kilima mpaka bondeni, kwa mpangilio ule ule, kilima baada ya kilima. Hayo yote niliyajua. Lakini kumweleza yule binti *kwa nini* muhogo wa bibi yake unaoza, sikuweza. Nikasema lile neno letu walimu: "Swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho."

Kipindi kijacho kilikuwa Jumatatu. Jumatatu hiyo hiyo msimamizi kutoka chuoni alikuwa anakuja kunikagua. Na wakati tunatoka darasani yule binti akaniongezea kwamba bibi ameshachoka na lile shamba la chini, anataka kulikodisha kwa bei ya kutupa kabla mvua hazijaanza.

Gari la Mjomba

Tulikuwa wanachuo watatu kwenye nyumba moja: mimi, mwenzangu wa Historia na mwenzangu wa Baiolojia. Yule wa Historia ana mjomba wake anayeishi Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma, na sisi sote tulimwita Mjomba. Ana Land Cruiser ya zamani, ile ambayo watu wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Kazi yake ni kufuata mawese na mizigo mingine vijijini. Jumamosi ile alikuwa anaenda kuangalia mzigo upande wa Simbo, akasema tukichangia dizeli tunaweza kupanda. Tulitoa elfu kumi na tano kila mmoja.

Nilikaa mbele, na kwa kuwa nilikuwa na swali la Jumatatu kichwani, nilianza kuuliza maswali ya gari ili nisilifikirie.

Gari la kawaida, injini inazungusha magurudumu mawili tu. Mawili mengine yanafuata, kama tela. Ukiingia mahali ambapo yale mawili yanayosukuma hayana pa kushika, umekwama, hata kama mengine mawili yamekaa kwenye ardhi ngumu. Fowili ni gari ambalo unaweza kuamuru injini izungushe yote manne. Kwenye gari la Mjomba kuna fimbo ya pili, fupi, kando ya fimbo ya gia. Juu yake pameandikwa H2, H4 na L4.

H2 ni magurudumu ya nyuma peke yake, kwa barabara nzuri. H4 ni yote manne, kwa mwendo wa kawaida. L4 ni yote manne pia, ila gari linakwenda taratibu mno na nguvu ya kwenye matairi inakuwa kubwa zaidi. Ni kama baiskeli ya gia: ukiweka gia nyepesi unapiga pedali nyingi, unasogea kidogo, lakini mlima unapanda. Kwenye magari ya zamani kama lile, kabla ya kutumia H4 au L4 inabidi mtu ashuke, azungushe kwa mkono vifungo vilivyopo katikati ya magurudumu ya mbele. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Nikamuuliza, kama manne ni bora kuliko mawili, kwa nini asiyatumie muda wote? Mjomba akacheka. "Mwalimu, utanivunjia gari." Gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukiwa kwenye fowili ya aina ile, mbele na nyuma vimefungwa vizunguke sawasawa. Kwenye matope au mchanga tairi linateleza kidogo, tofauti inaisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza, kwa hiyo ile nguvu inabaki ndani ya gari ikijikunja mpaka kitu kikatike. Kumbe fowili inahitaji ardhi laini. Hilo sikuwahi kulijua.

Mwenzangu wa Historia alitaka tuanzie makumbusho ya Ujiji. Mjomba akasema makumbusho hayakimbii, kinachokimbia ni asubuhi. Tukanunua chapati na maji Mwanga, tukapita Ujiji saa moja na nusu, tukaiacha lami.

Juu: wekundu

Tulianza kupanda. Agosti Kigoma ni kiangazi, kwa hiyo barabara ilikuwa kavu na vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye chapati. Mjomba alikuwa kwenye H2 na anaongea kama yuko sebuleni. Njia ilikuwa ngumu, yenye vijituta vya mfululizo kama bati, gari linatetemeka lakini haliangaiki. Pembeni muhogo ulijaa kila upande.

Juu ya mgongo wa kilima alisimamisha gari ili lipoe kidogo. Mwenzangu wa Baiolojia alinisaidia kukata chupa tupu ya maji, nikaijaza udongo. Nilikuwa bado sina mpango wowote. Nilifikiri tu nikienda darasani na kitu mkononi nitaonekana nimejiandaa.

Lakini nikiwa nimechuchumaa pale nikaanza kukumbuka lile desa, na safari hii nilikuwa naliona. Mvua ikinyesha juu ya kilima, maji hayakai. Mengine yanazama, mengine yanateremka. Udongo unakauka mapema na hewa inaingia. Chuma kilichomo kwenye udongo kikikutana na hewa kinafanya kile kile kinachofanywa na msumari uliosahaulika nje: kinapata kutu. Wekundu wa udongo ule ni kutu. Maana yake udongo mwekundu unakwambia, bila kipimo chochote, kwamba hapa maji hayasimami. Na muhogo ndivyo unavyopenda. Mizizi yake inataka hewa.

Mjomba aliposikia naeleza, akasema yeye anajua hivi: udongo mwekundu ukiwa mkavu ni lami ya maskini, ila mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Lakini jua likiwaka nusu siku tu, unapita tena. "Huu hauweki kinyongo," alisema.

Katikati: makorongo

Tulipoanza kuteremka, rangi ilibadilika. Wekundu ulififia ukawa kahawia, kisha ukaja mchangamchanga wa kijivu. Barabara nayo ikabadilika. Maji ya masika yalikuwa yamechimba mifereji katikati ya njia, mingine inafika magotini. Mjomba akasimama, nikashuka kuzungusha vile vifungo, akaweka H4.

Kwenye makorongo kama yale, alieleza, kosa la wengi ni kuweka tairi moja ndani ya mfereji ili gari "likae sawa". Likiingia halitoki, linafuata mfereji unapokwenda. Yeye alikuwa anaupanda mfereji katikati, tairi la kushoto upande huu na la kulia upande ule, polepole, mguu mbali na breki. Akiteremka anaacha gia ndogo iliyoshika gari ndiyo ipunguze mwendo. Ukikanyaga breki kwenye mchanga uliolegea, matairi yanafunga na gari linateleza lote kwa pamoja.

Hapa ndipo katena inakuwa mnyororo. Udongo wa katikati ya mteremko uko safarini. Maji yanayotoka juu yanabeba chembe ndogo ndogo, zile laini, na kuzipeleka chini. Zinazobaki ni nzito: mchanga na vijiwe. Kwa hiyo mvua inayomwagikia shamba la juu haiishii shamba la juu. Inaondoka na sehemu ya shamba. Nilijaza chupa ya pili.

Chini: mbuga

Tukafika ukingo wa bonde la Luiche. Mto Luiche unaingia Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji, na bonde lake ni tambarare, kijani hata mwezi wa nane, lina mpunga na michikichi. Baada ya saa nzima ya vumbi, macho yalipumzika.

Hapa udongo ulikuwa mweusi. Palipokauka ulikuwa umepasuka nyufa za kuingia vidole. Palipokuwa na unyevu, karibu na mfereji wa mpunga, ulikuwa unang'aa. Katika vitabu vya sayansi ya udongo vinavyohusu Afrika Mashariki, udongo wa namna hii wa bondeni umeitwa kwa neno letu wenyewe, *mbuga*. Siku hizi ukisema mbuga mtu anafikiria simba na viingilio vya watalii. Kumbe kabla ya simba, neno hilo lilikuwa linataja ardhi tambarare ya chini inayojaa maji masika.

Mbele yetu palikuwa na sehemu ya njia iliyolowa, urefu wake kama magari matatu. Kwa macho yangu ilikuwa kitu kidogo. Mjomba akasimama mbali, akashuka, akaokota kijiti, akatembea mwenyewe mpaka katikati. Kijiti kilizama mpaka kwenye ngumi. Akavuta, kikatoka na bonge la tope limeng'ang'ania.

Mama mmoja aliyekuwa shambani alituona. Mjomba akamsalimia kwa Kiha, wakapigiana makofi ya taratibu kama wanavyosalimiana kule, wakaongea. Mama akaonyesha kwa kidevu upande wa pili, akatingisha kichwa.

Nami nikafanya kosa. Nikasema, "Mjomba, si una L4?"

Hakukasirika. Alinieleza kwamba angeweza kuweka L4, gia ya pili, aingie kwa mwendo mmoja bila kusimama, bila kubadilisha gia na bila kukanyaga mafuta kwa pupa, maana tairi likizunguka bure kwenye tope linajichimbia kaburi. Pengine angevuka. "Gari linaweza," alisema. "Ila mzigo ninaoufuata uko kwa mwenzangu huko mbele, na amesema ataleta mwenyewe kwa baiskeli mpaka hapa. Sasa navuka nimfuate nani? Na tukikwama, wa kutuvuta ni huyu mama na ng'ombe wa jirani yake." Akageuza gari.

Niliwaza sana kuhusu hilo wakati tunasubiri baiskeli. Safari yetu ilikuwa rahisi kwa sababu tulikuwa na mtu aliyejua mahali pa kugeuzia. Watu wa upande wa pili hawana pa kugeuzia. Kwao ile ndiyo njia ya kwenda zahanati na shule, masika na kiangazi.

Na pale pale, nikiangalia kile kijiti, swali la Ijumaa likajijibu. Zile chembe laini zilizohama kutoka juu zimetua hapa. Zimeshonana, maji hayapenyi. Na maji ya kilima kizima yanakuja kukusanyika hapa, si ya mvua ya hapa tu. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka. Bila hewa chuma hakipati kutu, kwa hiyo wekundu haupo. Mizizi ya muhogo nayo inazama kwenye maji wiki kwa wiki, inaoza. Mvua ni ile ile, yule binti alikuwa sahihi. Lakini shamba la chini linanyeshewa mara mbili: mara ya kwanza na mawingu, mara ya pili na kilima.

Nikajaza chupa ya tatu. Mkono ulinichukua nusu saa kuusafisha.

Ufukweni

Saa saba tulikuwa tumerudi Ujiji, na mwenzangu wa Historia akapata makumbusho yake. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani, njia ya pembe na ya watumwa. Burton na Speke walifika mwaka 1858, na ni hapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna mnara, na miembe ambayo inaelezwa kuwa ni uzao wa mwembe ule waliokutana chini yake.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba kutoka mnarani ziwa liko mbali. Hapo napo kuna somo la udongo. Miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, kwa sababu mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka kwenda upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na mashapo. Mwaka 1878 hivi kizibo kilibomoka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kama mita 10. Ardhi tambarare ya karibu na ufukwe ni ardhi ambayo ziwa limewahi kuimiliki, na miaka ya karibuni limekuwa likipanda tena, mpaka nyumba za Bujumbura na Uvira kuzingirwa na maji.

Mjomba aliteremsha gari mpaka mchanga ulipoanza, akakataa kwenda zaidi. Kwenye mchanga mkavu, alisema, hata fowili inazama kama matairi yamejaa upepo. Unapunguza upepo ili tairi litandike, liwe kama unyayo wa ngamia, halafu ukitoka unajaza tena. Hakuwa na pampu siku hiyo. Kwa hiyo tulitembea kwa miguu mpaka kwenye mitumbwi, tukala migebuka kwa ugali wa muhogo, tukaangalia maji yale ambayo kina chake kinafika mita 1,470. Ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalozidi kina hicho duniani.

Ukitaka kwenda

Ukiwa Kigoma kwa mafunzo au kwa lolote, safari kama hii haihitaji wakala wala hela ya mtalii. Mambo machache tuliyojifunza:

Nenda kiangazi, kati ya Juni na Septemba, na uanze asubuhi. Masika barabara ile ile ni safari nyingine kabisa.

Usikodi gari bila mwenye kulijua. Mchango wako uwe mafuta, na ukubaliane kabla ya kupanda.

Mwambie dereva kwamba hamna haraka. Abiria wenye haraka ndio wanaomfanya dereva avuke asipotaka.

Kwenye maji au tope, mtu atangulie kwa miguu na kijiti. Muulize aliye shambani. Salamu kwanza, swali baadaye.

Beba maji zaidi ya unayodhani utakunywa, jembe au koleo, na kamba. Sisi hatukuvitumia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Chupa tatu

Jumatatu niliingia darasani na chupa tatu zilizokatwa, nimetoboa matundu chini. Msimamizi alikaa nyuma na fomu yake. Nikaziweka mezani kwa mpangilio: wa juu, wa kati, wa chini. Nikamwita yule binti amimine kikombe kimoja cha maji kwenye kila chupa, na mwenzake ahesabu kwa saa ya ukutani.

Ule wa kati ulipitisha maji mara moja. Mwekundu ulifuata, taratibu. Mweusi ulikaa. Darasa lilisubiri. Dakika zikapita, maji yamesimama juu kama kwenye bakuli, na kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Huo hautoi!" Kila mtu akacheka, hata msimamizi.

Nikawauliza, kama wewe ni mzizi, ungependa kukaa chupa ipi? Hapo wakaanza kubishana wenyewe, na Kiingereza kikatoweka. Sikukirudisha. Nilipokuja kuandika neno katena ubaoni mwishoni, walikuwa tayari wana kitu cha kuliitia.

Kwenye fomu msimamizi aliandika kwamba somo lilikuwa zuri na zana zilifaa, ila nimetumia Kiswahili kupita kiasi, akanikata alama. Sikubishana naye, ni sheria na alikuwa anafanya kazi yake. Lakini bado najiuliza, na ninawauliza ninyi mnaosomea ualimu kama mimi: yule binti angeuliza swali lake Ijumaa kama ningemlazimisha aulize kwa Kiingereza?

Baada ya kipindi alinifuata ofisini. "Kwa hiyo madamu, si mbegu mbaya?"

Nikamwambia inaweza ikawa sababu zaidi ya moja, muhogo una magonjwa yake, na mimi si bwana shamba. Wamwite afisa ugani wa kata aje alione. Lakini shamba linaloshika maji namna ile kuna mazao yanayolitaka, na wanaolima mpunga Luiche wanalipia ardhi ya aina hiyo. Asikubali bei ya kutupa kabla hajauliza.

Alisimama kidogo, akaiangalia ile chupa nyeusi ambayo maji yake yalikuwa bado hayajaisha.

"Naomba hiyo," akasema. "Nikamwonyeshe bibi."

Nikampa.